Sentensi za Edina

Tulimzika Mwalimu Mwalongo nyuma ya nyumba yake pale Makambako, upepo ukivuta turubai huku na huku kama ilivyo kawaida ya mji ule, na mchungaji akirudia kila aya mara mbili ili waliokaa pembeni wasikie. Mimi nilikaa pembeni kwa makusudi. Baada ya mazishi, sahani za wali na maharage zilipoanza kupita, wanaume wawili waliokuwa nyuma yangu wakawa wanakumbushana enzi zao za shule. Mmoja alisema, "Mimi alinisimamisha kipindi kizima. Nimeandika kwamba mjomba wangu ameacha kuvuta sigara. Akaniuliza, anaitwa nani huyo mjomba? Nikamwambia, Mwalimu, hii ni sentensi tu. Akasema, hakuna sentensi tu." Mwenzake akacheka hadi akapaliwa na wali. Akasema kwamba hata yeye aliulizwa hivyo hivyo, kila siku, ni kweli? ni kweli?, utadhani yuko mahakamani. Walikuwa wanamsema kwa upendo. Nilitazama sahani yangu na sikuweza kula, kwa sababu Mwalimu Mwalongo niliyemkuta mimi, kabla yao, hakuwa na swali hilo. Nilikuwepo mwaka alioanza kuuliza, na najua lilitoka wapi.

Nilipokuwa natafuta viatu vyangu niondoke, binti yake Neema alinifuata na bahasha ya kaki. "Shikamoo, Mwalimu Salome," alisema. Nikamwitikia, nikampa pole tena. Akasema, "Baba aliacha hii. Limeandikwa jina lako juu. Alisema usipewe akiwa hai." Niliipapasa tu nikajua ndani kuna daftari, lile jembamba la kurasa arobaini na nane tulilokuwa tunanunua zamani. Sikuifungua pale. Niliiweka mapajani kwenye basi njia nzima hadi Njombe. Dirishani yalipita mashamba ya maparachichi mahali ambapo zamani ilikuwa miti ya miwati mitupu, na jirani yangu kitini akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia natoka msibani, akaniacha.

Mwaka huo ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimefeli. Masomo mengine niliyapita kwa shida, lakini Kiingereza kilinipa F, na bila Kiingereza chuo cha ualimu kisingenitazama mara mbili. Tulikuwa ishirini na sita wa aina yangu, warudia mtihani, tunaosoma mchana katika ukumbi wa kanisa Mjimwema, hapa Njombe, chini ya ratiba ya kwaya na picha ya Yesu akiwa na kondoo. Mwalimu Mwalongo alifundisha shuleni asubuhi, kisha akaja kwetu saa nane, koti lake likiwa bado na vumbi la chaki. Nilipanga chumba pamoja na Edina Sanga, msichana wa Iwawa, kule Makete. Kitanda kimoja, dirisha lililozibwa kioo kimoja kwa boksi, na jiko la mkaa tuliloliingiza ndani asubuhi mpaka macho yakatutoka machozi. Mwezi wa tatu, mimi nikiwa nimeshavaa masweta mawili, Edina alikuwa anatembea na gauni la mikono mifupi na kunicheka. "Huku kwenu kuna joto," alisema. "Njoo Iwawa uone baridi." Kufika Juni, majani ya uani yakiamka meupe na maji ya ndoo yakiwa na ngozi ya barafu, yeye ndiye aliyekuwa na masweta matatu. Niliona. Hata nilimtania kwa hilo, nikamwambia Njombe imemshinda.

Somo lililotutesa ni lile la vitenzi ambavyo, kwa maneno ya Mwalimu, havitembei peke yao. Alisema kitenzi cha Kiingereza kina mwenzake mdogo anayekishika mkono, na ukimwacha mwenzake umeharibu safari. Keep on, go on, carry on, give up, put off. Kisha nyuma yao linafuata tendo lenyewe, likiwa na mkia wa ing. Aliandika orodha kwenye karatasi ya manila akaibandika ukutani, na kila kimoja alikipa mwili. Cha kuendelea alikitembea, akapiga hatua papo hapo mbele ya ubao bila kwenda popote. Cha kukata tamaa, au kuacha jambo, alidondosha chaki. Cha kuahirisha alivuta kiti nyuma, nyuma, nyuma, mpaka kikagonga ukuta, nasi tukacheka. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo nalisema bila kumpunguzia wala kumwongezea. Kila siku kila mmoja alileta sentensi mbili za vitenzi hivyo. Madaftari yalirundikwa kwenye meza ya mchungaji, na sisi tukiwa tunakunywa chai ya rangi, yeye alisimama karibu na dirisha na kalamu nyekundu akiyamaliza yote kabla birika halijaisha. Alitafuta vitu vitatu tu. Mwenzake yupo? Mkia upo? Nukta ipo? Kama vipo, tiki.

Nasi tulimpa alichokitafuta. Ukumbi mzima ulijaa wajomba walioacha kuvuta sigara na akina Juma waliozidi kucheza mpira mvua ikinyesha. Mjomba wangu wa kweli hakuwahi kushika sigara. Alikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, lakini ulanzi haukuwa kwenye kitabu. Hakuna aliyetufundisha kudanganya na hakuna aliyeona kwamba tunadanganya. Kiingereza tulikijua hivyo tangu shule ya msingi, kwamba ni lugha ya kuandikia habari za watu wasiokuwepo ili upate maksi. Nimefundisha miaka thelathini na moja baada ya hapo, na mpaka leo nikikutana na mjomba wa sigara kwenye daftari la mtoto, moyo hunishtuka.

Edina peke yake hakuwa na wajomba. Sijui kama hakuelewa desturi yetu au aliielewa akaikataa. Aliandika kwamba mama yake huendelea kulima mvua inaponyesha, na kwamba yeye huendelea kuvifikiria viazi vyao. Nilizijua sentensi zake vizuri kwa sababu nilikuwa nanakili. Ndivyo tulivyoishi. Yeye alimaliza kwanza, akaliacha daftari wazi juu ya kitanda, akatoka na sufuria kwenda kuziosha bombani, nami nikavuta kiti. Sikuwa mjinga wa kunakili neno kwa neno. Nilibadili mwenye sentensi. Mama yake aliyelima mvuani akawa shangazi yangu. Siku Edina alipoandika "I keep on coughing at night," kwamba anaendelea kukohoa usiku, mimi niliandika kwamba bibi yangu anaendelea kukohoa usiku. Madaftari yote mawili yalirudi na tiki.

Kukohoa, kila mtu alikohoa. Mwezi wa sita Njombe nzima ina kifua. Mama mwenye nyumba alikuwa akitusikia asubuhi kupitia ukutani, anauliza, "Hamjambo huko? Hiyo baridi au moshi?" Edina alijibu, "Baridi tu, mama." Kulikuwa na siku moja tu aliponiambia jambo kwa Kiswahili. Tulikuwa tunamenya viazi, yeye amejifunga shuka begani, nikamwambia kikohozi chake kimezidi, aende hospitali. Akasema, "Nikienda wataniandikia kulala. Nikilala mama atakuja kunichukua. Sasa mwaka wangu nauweka wapi? Usimwambie mtu, Salome." Nikasema sawa. Akaendelea kumenya viazi, maganda yake yakitoka membamba sana kama wamenyavyo watu wa Makete, wasiopoteza kiazi. Tulipokaa kula alinisogezea sahani. "Kula wewe, mimi nimeshiba." Nilikula. Nilikuwa na njaa, na viazi vya mama yake vilikuwa vitamu, vya unga, vinapasuka vyenyewe kwenye maji. Kesho yake kwenye daftari lake kulikuwa na sentensi kwamba ameacha kula jioni. Nikaandika kwamba bibi yangu ameacha kula jioni. Wiki iliyofuata bibi yangu alikuwa anaendelea kutokwa na jasho kwenye baridi. Yule kikongwe wa daftarini alikuwa anakwisha mbele ya macho yetu sote, na kila alipozidi kudhoofika alipata tiki.

Kisha ikaja siku ya sifa. Mwalimu alikuwa dirishani anasahihisha, akasimama, akarudi na daftari moja mkononi. Alionekana mwenye furaha kweli. "Wekeni vikombe chini," alisema. "Sikilizeni. Hii ndiyo sentensi." Akaiandika ubaoni kwa herufi kubwa, akaupigia mstari mkia kwa chaki ya njano. "I have put off going to hospital three times." Nimeahirisha kwenda hospitali mara tatu. Akatuonyesha jinsi kila kitu kilivyokaa mahali pake, wakati umekaa, mwenzake amekaa, mkia umekaa, na mara tatu mwishoni kuthibitisha. Akasema ya nani, akamtaja Edina, tukapiga makofi. Akatuambia tuitamke wote. Tukaitamka, sauti ishirini na sita, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, yeye akivuta kiti nyuma kila tulipofika kwenye kitenzi. Edina aliitamka nasi. Alikuwa kwenye benchi langu, bega kwa bega, nikausikia mwili wake ukitetemeka. Mara ya tatu hakuimaliza, kikohozi kilimkata. Mwalimu akasubiri kitulie, akasema, "Pole, baridi hii," kisha akafuta ubao.

Tukirudi nyumbani nilimwambia, "Leo umesifiwa." Akasema ndiyo. Nikamuuliza, kwa wivu nadhani, sentensi zile anazitoa wapi. Alinitazama muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. "Si unaziona," alisema. Tukapita genge, tukanunua nyanya mbili na chumvi, tukazungumza habari ya chumvi.

Agosti, asubuhi moja, aliinama kubeba ndoo pale bombani na hakuinuka. Mama mwenye nyumba alimwita jirani mwenye pikapu, tukampeleka hospitali amelaza kichwa mapajani mwangu, mwepesi mno kwa mtu mrefu vile. Daktari alitoka na kusema kifua kikuu, mapafu yote mawili, akauliza ni nani aliyekuwa anaishi naye. Nikasema mimi. Akaniangalia tu, akaagiza na mimi nipimwe. Mama yake alifika siku ya pili kutoka Iwawa, mwanamke mfupi mwenye viganja vyeusi vya udongo usiotoka, na viazi vya kuchemsha vimefungwa kwenye kanga, bado vina uvuguvugu wa mwili wake. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno moja moja. Alinishika mkono wodini akaniuliza, "Alikuwa anakula?" Nikasema, "Alikuwa anakula, mama." Akashukuru. Alinishukuru mimi kwa kula pamoja na mwanawe. Siku ya tano Edina alifariki, na nusu ya darasa walipanda lori kumsindikiza Makete. Mimi nilisema nina homa. Sikuwa na homa.

Kabla lori halijaondoka Mwalimu Mwalongo alikuja chumbani kwetu. Hakuwahi kufika kabla. Alisimama mlangoni amevua kofia, akaniomba madaftari ya marehemu ampelekee mama yake, nikampa yote. La Kiingereza lilikuwa juu. Alilifungua akiwa amesimama, labda kwa mazoea, na nikamwona akisoma namna ambayo sikuwahi kumwona akisoma, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Alifika mahali akaketi kwenye kitanda chetu bila kukaribishwa. Alifungua ukurasa mwingine, na mwingine. Nje lori lilikuwa linapiga honi. Aliinuka akaondoka bila kuniaga, na kofia yake ikabaki kitandani, nikakimbia kumpelekea.

Alirudi Jumatatu iliyofuata akiwa mtu mwingine. Madaftari yetu hakuyagusa wakati wa chai. Alituita mmoja mmoja mezani, akasoma sentensi zetu polepole, na kwa kila moja akauliza, ni kweli? Wenzangu waligongana viwiko. Walidhani ni msiba umempata vibaya, utapita. Zamu yangu ilipofika alilifungua daftari langu, akaliangalia, kisha akauliza kwa sauti ya chini ambayo benchi la mbele halikuisikia, "Bibi yako anaendeleaje?" Nikasema bibi yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Akauliza, "Basi huyu anayekohoa ni nani?" Niliangalia kitambaa cha meza ya mchungaji, kilichodariziwa msalaba na zabibu, nikahesabu zabibu. Mwalimu alisubiri. Akanirudishia daftari, na maisha yake yote, tulipokutana semina za walimu, harusini, sokoni, hakuniuliza tena. Novemba nilifanya mtihani. Vitenzi vile vilikuja kama alivyotabiri, nikapata C, nikaenda chuo. Nimelipwa mshahara na sentensi za Edina mpaka nikastaafu.

Bahasha niliifungua kesho yake ya mazishi, jikoni kwangu, saa nne asubuhi, jua likiwa limefika mezani. Juu kulikuwa na kikaratasi cha Neema. Ameandika kwamba baba yake alilipeleka daftari Iwawa kama alivyoahidi, lakini mama yake Edina akamwambia, "Mimi sijui kusoma, Mwalimu. Kaa nalo wewe unayelielewa." Kwa hiyo akakaa nalo. Tiki zake nyekundu zimepauka, zimekuwa rangi ya waridi. Ila chini ya kila tiki, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wake wa baadaye uliokuwa umeanza kutetemeka, kuna swali kwa Kiswahili. Chini ya kikohozi cha usiku: Tangu lini, Edina? Chini ya kuacha kula: Chakula chako anakula nani? Chini ya jasho: Kwa nini hukuniambia, au ndiyo uliniambia? Na chini ya ile ya hospitali aliandika maneno ambayo hayakuwa swali: Nikawaimbisha darasa zima.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nililia, na nasema wazi kwamba nililia kwa ajili yake yeye, mzee wa watu aliyebeba kosa la dakika kumi na tano za chai kwa umri wote huo, akamuuliza kila mtoto wa Makambako habari za mjomba wake. Nilijisikia hata nafuu kidogo. Kisha nikafungua ukurasa wa nyuma. Kuna sentensi mbili ambazo hazikuwahi kupelekwa mezani, hazina tiki. Mwandiko wa Edina ulikuwa umeshalegea, herufi zinashuka chini ya mstari. "Salome keeps on copying my sentences. I go on leaving my book open." Salome anaendelea kunakili sentensi zangu. Mimi naendelea kuliacha daftari wazi. Chini yake Mwalimu hakuandika kitu. Aliacha mistari mitupu hadi mwisho wa karatasi.

Maisha yangu yote nimesimulia kwamba mwaka ule sikujua Kiingereza. Nimewaambia wanafunzi, nimemwambia mume wangu, kwamba nilikuwa nanakili kama mtu anayefuatisha ua la kitambaa bila kulijua jina. Lakini mtu asiyeelewa sentensi hawezi kumtoa Edina akamweka bibi. Nilijua anayekohoa ni nani, kila mara nilipombadili. Na nilijua kwamba akiugua mbele za watu ataondoka, na akiondoka, kitandani hakutakuwa na daftari. Nilichukua kalamu. Nilikaa muda mrefu mpaka jua likahama mezani, kisha nikaandika kwenye mstari wa kwanza ule alioniachia Mwalimu, kwa Kiswahili, ili pasiwe na mahali pa kujificha: Nilisoma, Edina. Nilielewa tangu siku ya kwanza.

Daftari bado liko mezani, wazi.